Majenerali Watatu wa Mwalimu Ntinyari

Mwalimu Ntinyari alijua kufundisha, lakini kunyamaza hakujua kabisa, na katika miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka wapiganaji wa msituni, kunyamaza ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya kila mtu. Watu wa upande wa Kianjokoma walikuwa wametolewa mashambani mwao na kurundikwa katika kijiji kimoja, handaki lenye miti iliyochongwa likiwazunguka, na getini homgadi, askari wenyeji wa serikali, wenye mikuki. Ukicheka sana uliulizwa unacheka nini. Usipocheka uliulizwa umemnunia nani. Katikati ya hayo yote Ntinyari, msichana wa Meru aliyeletwa na misheni, alikuwa na shule ya nyasi isiyo na mlango, na sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya handaki.

Shule zenyewe zilikuwa zikifungwa ovyo. Neno moja tu kwa Bwana DO, afisa Mwingereza wa tarafa, lingetosha: watoto wangerudi kukaa vumbini, na mwalimu wao angepakiwa lori apelekwe kizuizini. Ntinyari alilijua hilo, na aliliogopa. Kila asubuhi alijiambia, leo nitafundisha kwa sauti ya chini. Jua likipanda kidogo tu, alikuwa ameshasahau.

Wiki hiyo alikuwa akiwafundisha habari za watu wa kale waliochunguza mbingu na hewa bila kumwacha Mungu wao. Watoto walisinzia. Majina yaliingia sikio hili yakatokea lile. Basi akafuata desturi ya nyumbani: mgeni akiingia bomani hapewi uji kabla hajasema yeye ni nani, mwana wa nani, na ametenda nini. Akawagawia watoto majina ya wale watu, akawatoa nje, kila mmoja aingie kama mgeni na ajitambulishe kwa kishindo. Loo, usingizi ulikimbia! Hata waliokuwa wakijificha nyuma walitaka kuwa wageni.

Sasa, nyuma ya shule alikuwa akipita Sajini Gitari, mkuu wa homgadi. Gitari alipigana Burma, akarudi na koti, kofia na Kiswahili cha jeshi ambacho alikitumia hata kumkemea mbuzi wake. Kanisani alikaa kiti cha mbele, kitabu cha nyimbo mkononi. Ila kusoma hakujua, na alidhani hiyo ni siri yake. Siri gani! Kila aliyempa karatasi ya pasi getini alimwona akiikagua imegeuzwa juu chini, amekunja uso, kisha akisema, "Sawa sawa." Watu walimezea tu, maana mwenye bunduki hasahihishwi.

Gitari akasikia sauti ikitoka ndani.

"Mimi ni Galileo, mwana wa mpiga muziki! Nilitazama mbali kwa bomba lenye vioo, nikaona mambo yaliyofichika. Nikasema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Wakubwa wakakasirika, wakanifungia nyumbani. Lakini kusali sikuacha!"

"Mimi ni Kepula! Njia za sayari zote nazijua. Mama yangu walimshtaki kwa uchawi, nikamtetea mpaka wakamwachilia. Na Mungu nilimshukuru!"

"Mimi ni Boili! Nimenyonya hewa yote iliyokuwa ndani ya chupa!"

Masikio ya Gitari yalisimama. Viongozi wa msituni, waliojiita majenerali, walikuwa na tabia ya kujipa majina ya ajabu, majina ya nchi za mbali ambazo hata mwenye kuitwa hajazikanyaga, ili serikali isijue ni watoto wa nani. Haya matatu yalilingana kabisa. Mmoja amefungiwa, mmoja anajua njia zote, na mmoja ana chupa. Chupa! Huko Burma aliona chupa za petroli zinavyoweza kuchoma magari. Ile sehemu ya kusali ilimpita. Papo hapo akamtuma homgadi kwa baiskeli mpaka kambi ya serikali, ambayo haikuwa mbali: Bwana DO aje upesi, majenerali watatu wamepatikana. Kisha akaingia shuleni bunduki mbele.

"Hakuna mtu kutoka!" akanguruma. "Wewe mwalimu, toa jenerali yote hapa!"

"Jenerali gani, Sajini?" Ntinyari akauliza, chaki mkononi.

"Hapana cheza na mimi. Galileo iko wapi?"

Mkono ulinyooshwa mbele kabisa. "Ni mimi," akasema Munyi, kijana mwenye mapengo mawili na kaptura iliyofungwa kwa kamba.

Gitari alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye funza za miguuni. "Wewe si Galileo. Wewe mtoto ya Njura."

"Ni mimi mpaka kengele ilie, Sajini."

"Galileo yenyewe iko wapi?"

"Alikufa."

"Nani naua yeye?"

"Uzee."

"Na Kepula?"

"Homa!" watoto wakajibu kwa pamoja, maana hilo walilikumbuka vizuri.

"Homa ya lini?"

"Kabla babu yako hajazaliwa, Sajini," akasema Munyi kwa adabu zote, na darasa zima likaangua kicheko.

Ntinyari hakucheka. Alitaka kucheka, mbavu zilimuuma kwa kujizuia, mpaka Gitari alipotamka kwamba habari zimekwisha kwenda kwa Bwana DO.  Aliliona lori. Aliiona shule imeng'olewa nyasi, watoto hawa wenye kelele wamekaa kimya pembeni mwa handaki.

"Sajini, nakusihi," akasema. "Hawa walikuwa watu wa sala."

"Mtu ya sala hapana fungwa!"

"Huyu alifungwa. Tena na wakubwa wa kanisa." Neno lilimtoka kabla hajalishika. Angeweza kuung'ata ulimi wake. Lakini limeshatoka, akaona afadhali alimalize. "Na tena wakampa adhabu ya kusoma zaburi saba kila wiki, kwa miaka mitatu."

Gitari alishusha bunduki kidogo. "Saba?"

"Saba."

"Kila wiki?" Sauti yake ilikuwa imepungua, kama mtu anayeulizia mgonjwa. "Na kama yeye... kama yeye hapana weza?"

Dawati la nyuma likalia. Akasimama Ciakuthii, binti yake Gitari mwenyewe, aliyeyakataa majina yote ya wale wachunguzi na kujichagulia la kwake. Mgeni ni mgeni, hata kama anayemsikiliza ni baba yake. Alinyoosha shingo.

"Mimi ni binti ya Galileo, mtawa. Baba alipopewa adhabu ya zaburi, nilimwambia, baba, wewe pumzika. Mimi nitakusomea."

Hakuna aliyecheka. Ntinyari alimwona Sajini akishusha bunduki mpaka chini. Kijiji kizima kilijua kwamba kila jioni, kabla ya filimbi ya watu kuingia ndani, mtoto huyu hukaa jikoni akimsomea baba yake sala na amri za serikali, na asubuhi Sajini huzitangaza kana kwamba amezisoma mwenyewe.

"Nani nafundisha wewe hii maneno?" Gitari akauliza.

"Mwalimu, baba."

"Na kusoma?"

"Mwalimu pia."

Sajini alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nje, Landrova ilikuwa inaingia getini.

Bwana DO aliruka chini na bastola yake, kijana wa Kiingereza mwenye uso mwekundu hata kabla ya kukasirika. "Wapi majenerali?"

Gitari alipiga saluti mpaka vumbi likatoka kwenye koti. "Wamekufa, Bwana! Yote tatu!"

"Vizuri sana! Nani alipiga?"

"Mungu, Bwana."

"Lini?"

"Zamani, Bwana. Babu yangu bado kuzaliwa."

Bwana DO alitazama darasa, akatazama ubao ulioandikwa Galileo kwa herufi kubwa, na polepole akaelewa kwamba ameacha chakula chake mezani kwa ajili ya watu waliokufa karne tatu zilizopita. Uso ulizidi kuiva. "Nani ameleta ujinga huu? Huyu mwalimu?"

Ntinyari alifumba macho. Lilibaki neno moja tu, na aliyekuwa nalo mdomoni ni Gitari. Angesema ndiyo, mwalimu alinichanganya, na angerudi zake nyumbani na heshima yake nzima.

"Hapana, Bwana," Gitari akasema. "Mwalimu nafundisha dini. Ujinga ni yangu."

"Yako! Basi Jumapili, baada ya ibada, utawasomea watu amri hizi zote, wewe mwenyewe, kwa sauti kubwa." Akamtupia karatasi ndefu iliyopigwa chapa. "Labda utajifunza kusikiliza vizuri. Nitakuwepo."

Landrova iliondoka. Shule ilibaki imesimama. Ntinyari alitaka kumshukuru, lakini Sajini alikuwa ameshaanza kutembea, karatasi mkononi kama mtu aliyeshika nyoka.

Jumapili watu walijaa uwanjani. Bwana DO alikaa kwenye kiti alicholetewa, miguu ameikunja. Gitari akatoka mbele, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akafungua karatasi. Ntinyari, aliyekaa na watoto wake, aliona mara moja kwamba ameishika juu chini. Watu nao waliona. Wakainamisha macho, kila mtu akajitia anashughulika na vumbi la miguu yake, maana aibu ya mtu mzima si ya kutazamwa.

Jioni zote binti yake alikuwa amemsomea, lakini amri zilikuwa nyingi mno kukaririwa. Akaikagua karatasi kama pasi ya getini.

"Soma!" akasema Bwana DO.

Hapo Ciakuthii alisimama. Ntinyari hakumtuma, aapa hakumtuma. Mtoto alipita katikati ya watu, akafika mbele, akaichukua karatasi mkononi mwa baba yake, akaigeuza.

"Baba," akasema, na uwanja wote ulisikia, "wewe pumzika. Mimi nitakusomea."

Bwana DO alifungua mdomo. Lakini mtoto alikuwa ameshaanza, sauti nyembamba na safi, hakuruka neno, hakukwama, na hata lile neno refu la serikali ambalo Ntinyari mwenyewe lilimtatiza alilipita kama anaruka kijito. Alipomaliza, aliikunja karatasi akamrudishia baba yake. Bwana DO alikohoa, akasema amri zimesikika, akainuka.

Gitari alisubiri mpaka Landrova imetoka getini. Kisha akaweka mkono begani kwa binti yake, akawageukia watu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi Burma akasema nao kwa Kiembu, lugha ya mama yake, taratibu kabisa.

"Mimi kusoma sijui," akasema. "Mnajua, na nilijua mnajua. Huyu anajua. Kesho asubuhi shule iko wazi, na mtoto nitakayemkuta nje ataniambia yeye ni nani, mwana wa nani, na ametenda nini."

Kisha akamtafuta Mwalimu Ntinyari kwa macho, akampigia saluti.