Kibao cha Taratibu

Msimamizi wa ujenzi aliingia kwenye kibanda cha fundi wa kuchonga vibao akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na uso wa huzuni ya kuazima. Akasema pole mara mbili, kisha akaiweka karatasi mezani, katikati ya makombe na mihuri.

"Mkurugenzi anataka kibao cha shaba, dada. Kikubwa. Kitawekwa mlangoni pa jengo, kumuenzi kaka yako. Jumamosi mama yenu atakifunua mwenyewe."

Fundi akaisoma. *Kwa shujaa wetu: jasiri, shupavu, jabari asiyejua woga.* Watu hawa walikuwa wamefungua kamusi wakazoa kila walichokikuta.

Asiyejua woga! Kaka yake? Mtu ambaye hata akibadilisha balbu ya jikoni ilibidi ashikiwe kiti! Kazini walimwita Taratibu kwa sababu alipanda jengo hatua moja moja, midomo ikimcheza, huku wenzake wakimcheka. Aliogopa kila siku kwa miaka sita, na kila siku alipanda. Jioni alimvuta dada yake pembeni, mama asisikie: "Leo nimeomba tena mkanda wa usalama. Msimamizi kaniambia niwe jasiri." Mara ya tatu aliomba siku ya Jumatatu. Jumanne akaanguka kutoka ghorofa ya saba.

Na sasa msimamizi yuleyule amesimama hapa, anachezea kombe la mpira wa miguu, anangoja kuambiwa kazi itakamilika lini. Fundi alitaka kumrushia nyundo. Badala yake akaitikia kwa kichwa tu.

Nyumbani alikuta habari imeshatangulia. Mama alikuwa kitandani, ameegemea mto, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi macho yake yalikuwa makavu.

"Wamempigia mjomba wako simu. Wanamwita shujaa, mwanangu. Kwenye shaba kabisa."

"Wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mama!"

"Kwani wewe unataka aandikwe mwoga?"

"Alikuwa mwoga!" Fundi alipiga kelele, na hapohapo akatamani kuyarudisha maneno yake. Lakini yalikuwa yameshatoka, basi akayamalizia. Alimweleza mama habari za mkanda, mara zote tatu, na aliyekataa kuutoa. Alisema jengo zima halikuwa na mkanda hata mmoja, na kwamba mkurugenzi hajawahi kupanda zaidi ya ghorofa ya kwanza. Ni rahisi sana kuusifia ujasiri ukiwa umesimama chini.

Mama akawa anakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Asubuhi ile alisimama hapo mlangoni," akasema. "Akaniambia, mama, leo sijisikii kwenda. Nikamwambia jikaze, usitutie aibu. Mimi nilidhani uvivu."

Fundi alikuwa ameileta hasira yake nyumbani akijua nani wa kumshushia, na sasa imemwangukia mama. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mguu.

"Andika alivyokuwa," mama akasema. "Usiniongezee wala usinipunguzie."

Katika kazi ya shaba, herufi ikishachongwa haifutiki. Ndiyo maana fundi huandika kwanza maneno yote kwenye karatasi, mteja akayasoma, akatia sahihi, ndipo patasi ikashikwa. Alhamisi msimamizi alikuja kutia sahihi, simu sikioni, akimgombeza mtu wa saruji.

"Soma kwanza," fundi akamwambia.

"Nisome nini tena, dada? Si maneno yetu yale?"

"Soma."

"Wewe ndiye mfiwa, nakuamini." Akasaini akiwa amesimama, akatoka bila hata kuangalia chini. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akikagua majukwaa kila asubuhi! Fundi akafunga mlango, akaanza kuchonga. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa usafi kama ile.

Jumamosi vibarua wote walipangwa mbele ya jengo, wamevalishwa kofia mpya za plastiki. Mkurugenzi alizungumza juu ya mioyo ya chuma na wanaume wasiotetereka. Mama akaitwa, akavuta kitambaa, watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akavaa miwani yake, akakigeukia kibao ili awasomee waliokaa mbali.

"Hapa alifanya kazi Taratibu," akasoma kwa sauti nzito. "Alikuwa anaogopa kupanda. Aliomba mkanda…"

Akanyamaza. Makofi yaliyokuwa yamebaki nyuma nayo yakafa. Akamtafuta msimamizi kwa macho, na msimamizi akawa anaangalia viatu vyake.

"Endelea, baba," mama akasema. "Imebaki mistari mitatu tu."

Mkurugenzi akaanza kusema kuna makosa ya uchapaji, kwamba kitambaa kirudishwe, kwamba sherehe itaahirishwa. Jasho lilimtoka kama mtu aliyepandishwa juu bila kushikiliwa. Mama akamsukuma kando kwa kiwiko, akaweka kidole kwenye shaba, akasoma polepole mpaka mwisho, na vibarua wote wakamsikia:

"Aliomba mkanda mara tatu.

Akaambiwa awe jasiri.

Akapanda."