Gauni Jeupe la Binti wa Fundi Betri

Mke wa fundi betri alilikamua gauni la bintiye, akaliinua mlangoni penye mwanga, akalisogeza karibu na macho. Lilikuwa gauni jipya, jeupe pepe, la pamba tupu. Alikuwa amelifua kulitoa chaki ya mshonaji tu. Sasa kifuani lilijaa matundu, mengine madogo, mengine ya kupitisha kidole, na kila alipolivuta kidogo yalizidi kupanuka.

"Baba watoto!" aliita. "Baba watoto, nakuita! Au na masikio nayo yametoboka?"

Ng'ambo ya ua, kwenye karakana yake, fundi alikuwa ameiinamia betri ya lori kwa bidii isiyo ya kawaida.

Wanawake wengine hugombana na waume zao kwa sababu ya pombe. Huyu aligombana na asidi. Mumewe alijaza betri asidi ya salfa, alizichaji, alizifumua zilizokufa na kuzifufua, na matone yaliyoruka yalimfuata mpaka ndani. Kilichomtoa mkewe roho ni kwamba hayakuonekana siku ileile. Maji ya tone hukauka, asidi hubaki na kuzidi ukali, inakula uzi kimyakimya. Nguo inakaa nzima mpaka siku ya kufuliwa, ndipo inapokuumbua mbele ya majirani. Mashuka, mapazia, taulo, vyote vilishakwenda. Na akilalamika anapewa hotuba: bila asidi hii hakuna mbolea, hakuna sabuni ya unga, hakuna gari linalowaka.

"Na bila asidi hii," alizoea kumjibu, "ningekuwa na shuka zima hata moja."

Ndiyo maana tangu zamani aliweka sheria: fundi asiguse mtu wala kitu kabla hajaoga na kunawa kwa maji ya magadi, yanayoua asidi. Fundi aliishika sheria hiyo barabara, kwa hilo lazima asifiwe.

Lakini shuka ni shuka. Gauni hili lilikuwa la binti yao kuvaa akila kiapo cha uuguzi, na kiapo kilikuwa kesho asubuhi. Matroni wa chuo alishasema kwamba asiye na gauni safi na zima hapandi jukwaani, atangoja kundi la mwakani. Kitambaa chenyewe kiligawiwa na chuo, kila mwanafunzi kipande kimoja, basi.

Mama alivuka ua na gauni mkononi, likimchuruzikia maji miguuni.

"Haya, niambie."

Fundi alilitazama gauni, kisha akaitazama betri. "Mimi sikuligusa. Haki ya Mungu, mkono wangu haukuligusa."

"Haukuligusa! Basi limekuja lenyewe kuogelea humu?"

"Ni mimi, mama," alisema binti, aliyekuwa ametoka chumbani kwa zile kelele. "Juzi nilipolichukua kwa mshonaji nililivaa hukohuko, nikapitia hapa kumwonyesha baba. Akanyoosha mikono juu, akawa ananifukuza, toka, toka, nimechafuka. Nikamkumbatia hivyohivyo."

"Na aproni yake?"

"Na aproni yake."

"Wewe! Umesomeshwa, asidi unaijua! Akili ulimwachia nani?"

"Mama, nitamkumbatia saa ngapi? Kila siku nangoja aoge. Akioga anakula, akila anasinzia kwenye kiti. Nangoja tangu niko darasa la kwanza."

Mama alimgeukia mumewe. 

"Na wewe ulijua! Siku mbili unajua! Tungelitumbukiza kwenye magadi palepale, lingepona!"

"Ningesema, ungegomba."

"Na sasa sigombi?"

"Unagomba."

"Si afadhali ungegombezwa gauni likiwa zima!"

Mama alivuta cherehani yake mlangoni akafumua upindo wa chini, ambao kwa bahati mshonaji aliuacha mpana. Akakata vipande viwili virefu, akavikunja na kuvishonea kifuani juu ya matundu, kuanzia kola hadi kiunoni, kulia na kushoto vilingane. Uzi ukikatika alimsema fundi. Sindano ikipinda alimsema fundi. Fundi mwenyewe alizungukazunguka dirishani akitafuta la kufanya.

"Nikushikie kitambaa kisiteleze?"

"Ushike nini? Usishike kitu! Kaa hukohuko!"

Akakaa hukohuko.

Asubuhi matroni alipita mstarini akikagua. Alipofika kwa binti alivipitisha vidole kwenye mikunjo ya kifuani, akashuka na macho hadi kwenye magoti, maana gauni lilikuwa limefupika. Mama, kwenye viti vya wazazi, alinyanyuka kidogo aone. Matroni aliguna, akasogea kwa mwingine. Binti alipanda jukwaani na wenzake, akala kiapo, na mama akalia bila kujificha.

Baadaye uwanja wa chuo ulijaa familia zikikumbatiana na kupigana picha. Fundi alisimama pembeni ukutani, shati jipya, mikono nyuma. Binti alimfuata, akasimama mbele yake.

"Hongera, mwanangu," alisema fundi. Hakusogea.

"Si umkumbatie mtoto!" mkewe alifoka. "Unangoja nini? Umeoga mara mbili, nimekuona kwa macho yangu."

Fundi aliitoa mikono mgongoni, akavitazama viganja vyake, akavigeuza.

"Sijui kama asidi huwa inatoka yote," alisema.

Mkewe alimwangalia usoni aone kama ni utani. Haukuwa utani. Mtu mzima huyu, baba wa mtoto wake, hakujua kama ngozi yake ni salama kwa watu. Na aliyemfundisha hivyo hakuwa mwingine ila yeye. Miaka yote ile alikuwa akitetea mapazia. Aibu ilimshika, na hasira juu ya aibu, na safari hii hapakuwa na wa kumtupia.

Akaikamata mikono ya mumewe, akaizungushia mgongoni kwake, juu ya gauni lake pekee la kutokea, akaibana palepale.

"Watu wanatutazama," fundi alinong'ona, vidole vimemkakamaa.

"Watazame. Na wewe binti, njoo hapa, umesimama kama mgeni."

Binti alijipenyeza katikati yao. Vidole vya fundi vilichukua muda, kisha vikalegea, kimoja kimoja.

"Usiniachie," mkewe alimwambia. "Likitoboka, nitashona."