Jiwe Lisilo na Tundu

Nilikuwa nimechoka, sikufichi. Tangu baridi ianze kazi yangu ilikuwa kumgeuza mume wangu Boqian kitandani, kumlisha uji wa mchele na kusikiliza kifua chake kikichemka kama birika, na bado wateja wa mjini Suzhou walitaka michoro yao. Sasa Boqian alikuwa anatimiza miaka sabini, na kwa desturi yetu mzee wa umri huo lazima achorewe jiwe, litundikwe ukutani, naye adumu kama jiwe lenyewe.

Basi nikachora. Nikasaga wino mzito, nikajaza karatasi nzima jiwe pana, lisilo na hata ufa. Nikasema moyoni, kifo kikija kitagonga hapa mpaka kichoke.

Boqian ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Alipoliona akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Ruyun, bibi wee, hili jiwe au umenijengea ukuta?"

"Nyamaza, ule tambi zako za siku ya kuzaliwa."

"Matundu yako wapi? Pumzi ipite wapi? Hata mwanafunzi wa juzi hakosei hivyo."

"Nimelifanya imara makusudi!"

"Jiwe lisilopitisha pumzi limekufa, mama. Unajua vizuri." Akavuta hewa, ikagoma, akavuta tena. "Nichoree lingine. Niachie pa kupita."

Hasira zikanipanda. Mtu unamhangaikia hivi, halafu anakuomba njia ya kuondokea!

"Ukipita, mimi nibaki na nani humu ndani?"

"Lakini umechoka," akasema polepole. "Uso wako nauona."

Nilikuwa nimechoka kweli, na nilijichukia kwa hilo.

Nikatandaza karatasi nyingine kando ya kitanda. Tundu la jiwe halichorwi. Ni weupe wa karatasi, mkono unauzunguka bila kuugusa. Mkono wangu ulikataa. Kila nilipofika hapo, brashi ilitaka kuziba. Boqian akanitazama tu, hakunihimiza.

Nikaacha tundu la kwanza, dogo. La pili. La tatu nikaliacha kubwa, katikati kabisa, huku machozi yananitoka na siyafuti.

"Hapo sawa," akasema.

"Basi nenda, mume wangu. Sikuzuii tena."

Akanishika mkono wenye wino, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, sikumtikisa nijue kama bado anapumua.