Mkanda Aliouatamia Babu

Mchana wa siku ile Babu alikuwa anakwenda kukatwa taya. Daktari alimweleza kwa upole kwamba uvimbe utatoka pamoja na mfupa, na kwamba upande wa kushoto wa uso wake hautarudi ulivyokuwa. Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama masharubu yatabaki. Akaambiwa hayatabaki. Hapo ndipo alipokasirika.

Shangazi, bintiye mkubwa, ni mpiga picha. Amepiga picha nusu ya watu wa mji huu wakiwa wamekaza shingo, lakini baba yake mzazi hajawahi kumpiga. Si kwamba alisahau. Alikuwa anamwekea mkanda mzuri wa kamera.

Sina budi kuutambulisha mkanda huo kwa heshima zote zinazoustahili. Ulikuwa wa picha nyeusi na nyeupe, wa aina ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza kabla sijazaliwa. Uliishi ndani ya friza ya studio, ndani ya kikebe, ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine, kama mfalme aliyezikwa. Baba alipooa, Shangazi alisema huu si wa harusi. Nilipozaliwa mimi, akasema huu si wa vitoto. Nilipofaulu kuingia shule ya bweni, jambo lililowashangaza hata walimu, alifungua friza, akautazama, akanitazama mimi, akafunga friza.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo, ulikuwa mezani pa studio, umeganda kama jiwe, na hatukuruhusiwa kuufungua.

"Ukifunguliwa ungali baridi unatoa jasho kama chupa ya soda," Shangazi alisema. "Maji yakishika mkanda, kwisha habari. Tungoje upate joto wenyewe."

Kungoja kulitushinda. Babu alivaa koti, akalivua, akalivaa tena. Alinyoosha pazia lililokuwa limenyooka. Mimi nilizungusha kile kiti cha wateja mpaka nikaona studio mbili. Shangazi alifuta lenzi ileile kana kwamba ina deni naye.

"Simu je?" nikasema. "Si Baba ameshampiga nyingi tu?"

"Picha ya simu mtu anaitazama akiwa chooni," Babu akasema. "Mimi nataka ya kutundikwa."

"Basi tuuweke karibu na birika."

"Thubutu!" Shangazi akafoka. "Joto kali linaua mkanda kuliko uzee."

Nikakohoa kidogo, nikasimama wima kama kiranja anayesoma matangazo mbele ya shule nzima, nikapendekeza kwapa la Babu. Nilikuwa natania. Babu hakutania. Alichukua kikebe, akakipachika kwapani ndani ya koti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Usicheke, mume mwenzangu. Kuku anafanya hivi na hakuna anayemcheka."

"Kuku anatulia, Babu."

"Kuku hangoji kukatwa taya."

Mguu wake ukaanza kugonga sakafu.

Hatimaye Shangazi alikichukua kikebe, akakigusisha shavuni, akakifungua. Akautia mkanda kwenye kamera, kwanza akanipiga mimi picha chache za majaribio, akaingia chumba cha giza, akakata kipande chenye picha hizo na kukisafisha kwa dawa. Alipotoka alikuwa amekishika kwa vidole viwili. Kilikuwa kijivu chote, kama maji ya deki. Mimi nilikuwemo humo kama moshi, hasara ambayo hakuna aliyeililia.

"Umezeeka," alisema. "Mkanda unazeeka hata usipotumika. Unapofuka taratibu, unajaa ukungu. Baridi inauchelewesha tu, na umeme wenyewe ndiyo huu wa kukatika kila mara." Akaketi. "Baba, nilidhani nakuwekea kitu kizuri."

"Hata mimi niliwekwa vizuri," Babu akasema. "Nitazame."

Honi ikalia nje. Baba alikuwa ameshafika na gari.

Shangazi akasimama. "Mkanda hauoni vizuri. Basi tutaupa mwanga mpaka uone." Taa zake kubwa zilikwisha ungua, na nje jua lingemfanya Babu akunje uso, kwa hiyo alimkalisha dirishani. "Lenzi itabaki wazi mpaka nimalize kuhesabu. Ukitikisika, Baba, utatoka wawili."

"Afadhali. Mmoja aende hospitali."

Lakini alitikisika kweli. Shangazi akanisukuma nyuma ya kitambaa cheusi alichotundika nyuma ya kiti, nikapenyeza mikono na kumshika kisogo, kama zamani walivyoshikwa watoto wakipigwa picha. Ndipo nikajua. Asubuhi nzima nilidhani ni haraka tu. Kichwa chake kilikuwa kinatetemeka mikononi mwangu kama ndege aliyekamatwa.

"Mikono yako baridi," Babu alinong'ona.

"Niiondoe?"

"Ishikilie hapohapo."

Nikaishikilia. Kichwa kikatulia.

"Moja," Shangazi akasema. "Mbili."

Alipiga mpaka mkanda ukaisha, huku honi ikiendelea kututukana. Baba akamchukua Babu, sisi tukaingia chumba cha giza. Picha nyingi zilikuwa ukungu, na nyingine zilikuwa na Babu watatu. Moja ilishika. Ilikuwa na chembechembe kama mchanga, lakini alikuwemo: masharubu, taya zote mbili, macho. Shangazi hakushangilia. Aliukausha mkanda kwa mashine ya nywele, akatoa picha moja kwenye karatasi, akasema, "Vaa viatu! Lazima aione kabla hawajamlaza usingizi."

Tulikwenda mwendo wa nusu kukimbia, picha mbichi ikiwa mikononi mwangu kama sinia ya wizi.

Hospitalini tulimkuta Babu kitandani, amevalishwa joho la kijani, masharubu yameshanyolewa. Alionekana kama kaka yake mdogo ambaye hatukuwahi kuambiwa habari zake. Akaipokea picha, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu mzee anaogopa," akasema.

"Ni wewe, Baba."

"Namjua." Akapitisha kidole kwenye masharubu ya karatasi. "Mtundikeni mahali anapoonekana."

Muuguzi akaja kusukuma kitanda. "Mzee, uko tayari?"

Babu akanirudishia picha, akalala chali.

"Mimi niko tayari," akamwambia. "Huyo ndiye aliyekuwa na wasiwasi."