Ushuhuda wa Boma la Mawe

Mlango wa lile boma ulikuwa mwembamba hivi kwamba mtu aliingia kwa ubavu, tumbo amelivuta ndani. Tulikuwa wanafunzi thelathini na wanne. Njeru, mwenyekiti wa ushirika wetu wa Kikristo pale chuoni Embu, aliingia wa mwisho, akageuka, akasimama papo hapo mlangoni. Mabega yake yaliziba njia yote.

"Hakuna mtu anatoka hapa," akasema, "mpaka hizi minyororo za ukoo zivunjike."

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitazama zile kuta zilizopita kichwa changu kwa shibiri moja, mawe juu ya mawe, bila udongo wala simiti, na hakuna hata mmoja pale Mbeere aliyejua ni nani aliyeyapanga. Niliogopa. Na sikuogopa mizimu, kama wengine walivyodhani.

Ngoja niseme nilivyojiingiza mwenyewe, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Katika ushirika wetu mtu alipimwa kwa ushuhuda wake. Ijumaa baada ya Ijumaa walisimama watu waliovuta bangi, waliotoroka nyumbani, waliokufa wakafufuka wodini. Mimi nilikuwa na nini? Nililelewa Kianjai na nyanya yangu, Cucu Felicitas, mwanamke wa rozari na jembe, ambaye dhambi yake kubwa ilikuwa kunichapa nikipoteza kifuniko cha sufuria. Alikuwa na zoea moja tu. Kila asubuhi, kabla hajaonja uji wake wa wimbi, alimwaga tone kando ya jiko. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza sababu.

"Cha kwanza ni cha Murungu," alinijibu, akimtaja Mungu kwa lugha yetu. "Yeye huamka kabla yetu."

Basi, hayo tu. Lakini Ijumaa moja nilisimama, nikalitaja tone lile, na ukumbi ukanyamaza. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama ule ukimya. Nikaongezea chumvi. Nikasema Cucu aliita majina ya wafu. Nikasema kulikuwa na mbuzi mweusi. Nikasema nilikabidhiwa madhabahuni ningali tumboni. Ulimi hauna mfupa. Wasichana walilia, Njeru akaniwekea mikono kichwani, na wiki iliyofuata nikachaguliwa kiongozi wa maombi. Niliutoa ushuhuda ule mara tatu zaidi, na kila mara yule mbuzi alizidi kunenepa.

Ndiyo maana siku ya safari ya kuyaombea magofu yale hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kuongoza.

Mlinzi wa pale, Mzee Mbogo, alikuwa ametuonyesha jiwe moja bapa katikati ya boma, limeliwa katikati likawa na shimo kama bakuli. "Hapa walikuwa wanasaga wimbi," akasema. "Hata mamangu alikuwa na kama hii."

Njeru alimtabasamia kama mtu anayemtabasamia mtoto. "Mzee, hii ni madhabahu."

Mzee Mbogo alimtazama, akalitazama jiwe, akapishwa mlangoni, akatoka kwenda kukaa kivulini.

"Sister Nkirote, kuja mbele," Njeru akaniita kutoka mlangoni. "Wewe ndio unajua hizi vitu. Tuanzie."

Gacheri, rafiki yangu wa chumba kimoja, aliinua simu. "Tuko laivu," akaninong'oneza kwa furaha. "Watu mia mbili tayari."

Hapo ndipo damu iliponiganda. Chuoni uongo wangu ulikuwa umefungiwa ukumbini. Kianjai pia kuna simu, na bibi kizee akiitwa mchawi Kianjai, hapatikani mtu wa kumtetea. Nikisema kweli, mimi ni mwongo mbele ya watu wa Mungu. Nikisema uongo, namuuza aliyenilea. Nilitafuta njia kwa macho. Kati ya bega la Njeru na jiwe kulikuwa na ufa wa mwanga, na ndani yake nikaona kofia ya Mzee Mbogo kule nje.

"Naweza toka kidogo?" nikasema. "Nasikia kizunguzungu."

"Hiyo ni vita, sister," Njeru akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Adui hataki uongee. Ongea."

Nikaongea. Sikumtaja jina. Nilisema "bibi aliyenilea", nikajidanganya kwamba nimemfunika. Mbuzi alikuwepo, wafu walikuwepo, nami nililia machozi ya kweli, ambayo wote waliyaelewa vibaya. Kisha tukamimina chupa nzima ya mafuta yaliyoombewa ndani ya lile jiwe la kusagia, tukalikemea hadi sauti zikakauka. Ndipo Njeru akaondoka mlangoni. Nilitoka na wengine, lakini nawaambia wazi, mimi sikutoka mle.

Nilirudi nyumbani likizo ya Agosti. Jumuiya yetu husali kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na wiki ile zamu ilikuwa ya Cucu. Alifagia mpaka njia ya ng'ombe. Aliazima viti, akapika chai sufuria kubwa. Tukakaa tukingoja watu. Chai ikafanya utando juu.

"Labda ni mvua," akasema Cucu.

Nje jua lilikuwa linawaka.

Alianza kurudisha viti kimoja kimoja, akikataa nimsaidie. Alipomaliza aliketi, akafuta mikono kwa leso.

"Mama Angeline alinionyesha kwa simu yake," akasema. Huyo ndiye mwenyekiti wa jumuiya. "Nilisikiliza yote. Nkirote, mbuzi gani huyo? Sisi hatujawahi kufuga mbuzi mweusi."

Hakuuliza lingine. Nilipiga magoti nikalia, nikamwapia kwamba Alhamisi ijayo nitasimama mbele ya wote niseme nilidanganya. Alinisikiliza, akanipa chai ile baridi ninywe.

Alhamisi ikafika, kwa Mama Angeline. Somo likasomwa. Ulipofika wakati wa watu kutoa nia zao, maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni, lakini miguu ikakataa. Nilikuwa bado naihimiza nilipoona Cucu amesimama.

"Huyu mtoto hakusema uongo," akasema. "Ni mimi. Ni vile alisema. Niombeeni."

Wanawake wakamzunguka. Wengine walikuwa wamechimba naye shamba miaka thelathini. Walimwekea mikono kichwani, wakamkemea shetani kwa sauti kubwa, naye amesimama katikati yao, mdogo, rozari imemning'inia. Kupitia mikono yao aliniona nimeanza kuinuka. Akatikisa kichwa, kidogo tu.

Nami nikaketi. Nimejitetea kwa mengi maishani, ila kwa hilo sina utetezi. Niliketi.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini.

"Wewe utakuwa mwalimu," akasema. "Mwalimu akiitwa mwongo, atafundisha nani? Mimi nimezeeka, waniite wanavyotaka. Murungu anajua mbuzi zangu."

Kesho yake asubuhi alikoroga uji wake, akaunywa. Hakumwaga tone. Hakumwaga tena mpaka alipokufa, miaka miwili baadaye, na Mama Angeline akasimama kaburini kumshukuru Mungu kwa mwanamke aliyetolewa gizani. Hapo nako nilinyamaza.

Sasa nafundisha somo la dini karibu na Nkubu. Muhula uliopita darasa langu liliomba kwenda kuona magofu, na walimu wenzangu wakachagua yale yale ya Mbeere. Tulisafiri nikiwa na chupa yangu ya uji mkobani. Watoto waliingia na kutoka kwenye ule mlango kama vifaranga. Mimi nilibaki nje na Mzee Mbogo, ambaye hakunikumbuka.

"Mwalimu!" msichana mmoja akaita kutoka ndani. "Hii jiwe ilikuwa ya nini?"

Nikaingia kwa ubavu. Doa la mafuta lilikuwa bado lipo, jeusi, limeshika vumbi.

"Ya kusagia wimbi," nikasema.

Nilitoa chupa, nikamimina uji kwenye kikombe. Kabla sijaonja, nikamwaga tone kando ya jiwe.

"Mwalimu, umemwaga," msichana akasema.

"Madam, hiyo ni nini unafanya?" Alikuwa Mwalimu Muthamia, mtu wa kwetu Kianjai, aliyekuwa akipiga picha za shule. Simu yake ilikuwa imenielekea, inarekodi. Nyuma yake watoto walikuwa wamejaa mlangoni, hakuna pa kupita.

"Ni vile Cucu Felicitas alikuwa anafanya," nikasema. "Hiyo tu. Hakukuwa na mbuzi. Nilidanganya, naye akanibebea lawama."

Muthamia hakushusha simu. Nikamwaga tone jingine, polepole, lionekane vizuri.