Kamba ya Baba Kiunoni

Kamba ilinikaza kiunoni, kisha ikaanza kunivuta juu. Nilikuwa chini ya Ziwa Viktoria, katikati ya miamba, nimetoka tu kutazamana na furu mmoja wa bluu, samaki mdogo wa miambani, aliyenikodolea macho kama mwenye nyumba. Nilijua vizuri sana ni nani aliyeshika ncha ya pili ya kamba ile. Ni baba yangu mzazi, mzee Rutashobya, karani wa zamani wa ushirika wa kahawa, ananivua mimi Eugenia kama sangara.

Hasira zilinipanda, lakini kazi yangu niliijua. Mzamiaji akipandishwa haraka huku amebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Basi niliachia pumzi njia nzima, nikitoa sauti ndefu ya "aaa" ndani ya mpira wa kupumulia, mpaka kichwa kikatokeza juani.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, na Mwanza nzima ilikuwa inafungua kitu. Huyu kafungua banda la video, yule duka la mitumba, na viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaajiri watu kila siku. Mimi nilikuwa Unguja, nikiwatembeza wageni chini ya bahari kwenye matumbawe. Mwenye hoteli, naye akiwa na homa ileile ya kufungua vitu, alinituma nikaangalie kama miamba ya huku kwetu inafaa kuletewa watalii. Nilikuja kwa treni na chupa zangu za hewa nimezifunga kwenye mablanketi. Behewa zima la daraja la tatu liliamini nimebeba gesi ya kupikia, na hakuna aliyethubutu kuwasha sigara karibu yangu. Nilisafiri raha mustarehe.

Nyumbani Mkuyuni mambo yalikuwa mengine. Nilipiga magoti, nikamsalimia baba, na kabla sijanyanyuka akaniambia nimepata kazi. Ukeshia, kwenye kiwanda cha minofu, naanza Jumatatu. Koti jeupe la kazini lilikuwa tayari limetundikwa nyuma ya mlango. Alisema binti wa nyumba ya Kikatoliki hawezi kutafuta riziki chini ya maji, kwenye kichocho na mamba. Nikamjibu kwamba amenihukumu bila kuniona. Tukavutana jioni nzima. Mama alikuwa akimenya ndizi, kimya, hadi akachoka kutusikiliza.

"Nenda ukaone, Baba Osward," alimwambia baba. "Hata ukikataa, ukatae kitu ulichokiona."

Ndipo tukapatana. Nikizama mbele yake naye akaridhika, nitarudi Unguja na baraka zake, nipewe kahawa mlangoni. Asiporidhika, Jumatatu navaa lile koti. Nilikubali, na mimi si mtu wa kumgeuka baba yangu.

Hiyo kahawa ndiyo niliyoitaka kuliko kitu chochote. Kwetu Wahaya, mtu akiondoka kwa heri ya mzazi hupewa punje za kahawa, zile zilizochemshwa na majani yake na kukaushwa, azitafune kabla hajavuka kizingiti. Kaka yangu Osward alipokwenda chuoni alipewa kiganja kizima. Mimi nilipokwenda Unguja, baba alikuwa chumbani "amelala", jua limeshapanda. Niliondoka mdomo mkavu, na jambo hilo liliniuma, mpaka leo nikilisimulia linanichoma.

Jumamosi tukaenda Ilemela, ambako Masalu, Msukuma mmoja mcheshi, alitupakia kwenye mtumbwi wake. Tulipofika kwenye miamba baba akatoa kamba ya katani kutoka kwenye mfuko, akaniambia nijifunge. Sikubishana. Masalu alimtazama, akauliza, "Mzee, huyu ni binti yako au ndoo ya kisimani?" Baba hakucheka.

Basi nikavaa chupa, nikavaa mapezi, nikafunga mkanda wangu wa vipande vya risasi, ule uzito unaomsaidia mzamiaji kushuka. Niliufunga vilevile kama ninavyoufunga Unguja. Hapo ndipo nilipojikwaa, maana maji ya chumvi humbeba mtu, haya ya ziwani hayabebi kiasi hicho. Nikashuka puu! Kamba ikapita mikononi mwa baba mbio, maji juu yakachemka mapovu, na alipoivuta akakuta uzito wa mtu asiyejiweza.

Nilipoibuka nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini baba alikuwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi, kofia yake inaelea mbali, viganja vimechubuka mpaka damu. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, hata siku ushirika ulipompunguza kazini.

"Nimeona mapovu," alisema. "Mdogo wangu alivyozama kule Kemondo, ndicho kitu cha mwisho tulichokiona. Mapovu."

Habari za baba mdogo nilizijua, kwamba alikufa maji kabla sijazaliwa. Ya mapovu sikuwahi kuambiwa. Kumbe mzee wangu alikuwa anaishi na ziwa lile kifuani miaka yote, na mimi nikidhani ni ukaidi tu. Nilimhurumia sana. Nilishika ukingo wa mtumbwi, nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Baba, yale ni pumzi zangu," nilimwambia. "Ukiyaona, mimi niko hapo chini ninahema. Yakikoma, hapo ndipo unitafute."

Nilivua vipande kadhaa vya risasi nikampa Masalu, nikamweleza baba kosa langu la uzito bila kulificha. Kisha nikasubiri. Angeweza kusema turudi nyumbani, na ningevaa koti. Badala yake aliinama, akaanza kulifungua fundo kiunoni mwangu. Lilikuwa limelowa na kukaza, akalimalizia kwa meno.

Safari hiyo nilishuka taratibu, kama ninavyopenda. Watu mjini walikuwa wanasema furu wamekwisha, sangara kawamaliza. Waje wawaone pale! Kwenye nyufa za miamba walikuwa wamejaa, wa manjano, wa bluu, wenye mistari, kila mmoja na shimo lake analolinda kwa ugomvi. Nikageuka kuangalia juu. Kivuli cha mtumbwi kilikuwa kimesimama sawia na mimi. Nikaogelea kushoto, kivuli kikaja kushoto. Nikazunguka jabali, kikazunguka nacho. Mzee alikuwa anamwamrisha Masalu apige kasia kuyafuata mapovu, na chini kule nilicheka hadi miwani ikaingia maji.

Nilipopanda hakusema kitu. Njiani hakusema kitu. Jumapili tulikwenda misa, tukala, tukalala, na koti jeupe bado liko nyuma ya mlango. Mimi na kujiamini kwangu kote, usingizi siku hiyo niliusikia kwa majirani.

Jumatatu asubuhi koti halikuwepo. Nikajua limepelekwa kupigwa pasi ili nilivae. Nikatoka uani. Ile kamba ya katani ilikuwa imefungwa kutoka nguzo ya jiko mpaka kwenye mpapai, na mama alikuwa anaanika nguo. Koti lilikuwa hapo, limefuliwa, linachuruzika maji.

"Baba yako anasema cha watu hakirudishwi kichafu," mama alisema, asinitazame, maana angecheka.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, ngumi moja ameifumba. Nilipiga magoti kwenye kizingiti, nikakinga mikono miwili. Punje zikadondoka, nyingi, nyingine zikaanguka chini.

"Tafuna," alisema. "Safari ni ndefu."

Nilitafuna. Kiganja chake, nilipokishika kuagana naye, kilikuwa bado kina magamba pale kamba ilipopita.