Tangazo la Maoni Yaliyopotea

Mimi ni dobi. Nafua, naanika, napiga pasi, narudisha. Miaka ishirini na miwili sijawahi kumpa mtu shati la mwenzake, na anayesema nilimpotezea hata soksi moja aje hapa anitazame usoni. Kila nguo inayoingia kwangu naitia uzi ndani ya kola: mwekundu wa daktari wa meno, kijani wa familia ya ghorofa ya pili, bluu wa diwani. Kwa hiyo walipochukua maneno yangu wakanirudishia ya mtu mwingine, mimi niliona nimetukanwa kikazi.

Ilianza Jumatatu. Saa moja na nusu asubuhi redio yangu iko juu ya rafu ya sabuni, kipindi cha Sema Usikike kimeanza. Bila kipindi hicho siku yangu haiendi. Humo nimewapasha mawaziri, nimewasema matapeli wa kwenye simu, nimebishana na Mwalimu Mstaafu juu ya kila kitu kuanzia kodi hadi bei ya vifurushi vya intaneti. Sijawahi kumwona huyo Mwalimu Mstaafu, wala Dereva wa Lori, wala Bibi wa Ghorofani. Nawajua kwa sauti tu, lakini nawajua kuliko majirani zangu.

Mada ya siku hiyo: baraza la mji linataka kugeuza idara ya maji kuwa kampuni na kuuza hisa zake. Maoni ya wasikilizaji yatapelekwa barazani, na madiwani watapiga kura Jumatano saa nne. Nikafuta povu mikononi, nikapiga simu. Hakupokea mtangazaji. Ilipokea sauti ya msichana, laini kupita kiasi, ikasema, "Karibu. Toa maoni yako baada ya mlio."

Sikumung'unya maneno. Nilisema hivi: "Msiuze maji yetu. Mkishauza, bei atapanga mwenye hisa, na mwenye hisa hajui hata beseni langu liko wapi. Maji yakipanda mara mbili, mimi dobi nafunga mlango. Hisa haifui shati. Na diwani atakayenyoosha mkono kukubali, nguo zake akafue mwenyewe."

"Asante kwa maoni yako mazuri," ikasema ile sauti.

Nikaongeza sauti ya redio, nikashika pasi, nikasubiri kusikia maneno yangu. Zikapita dakika kumi. Mtangazaji wetu, yule ninayemwita Koo la Asali, akasoma: "Mfanyabiashara wa sekta ya usafi anaunga mkono uwekezaji katika maji, na anawashukuru madiwani kwa kujituma."

Loo! Pasi ilibaki juu ya suruali ya watu hadi nikasikia harufu. Suruali ilipona. Mimi sikupona.

"Shemeji!" nikaita. "Shemeji, njoo hapa upesi!"

Shemeji yangu ni mdogo wa mume wangu, fundi simu, kibanda chake kimegusana na changu. Huyo ndiye msomi wetu wa hisa. Ana kampuni tatu ndani ya simu yake, na hisa zikiwa kijani, yaani zimepanda, ananiita mke wetu, zikiwa nyekundu haongei na mtu. Siku hiyo zilikuwa kijani.

"Mke wetu, nani kakuchokoza?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hiyo ni mashine, shemeji. Ya kisasa. Inasikiliza, inafupisha, inamwandikia mtangazaji. Imefundishwa adabu, haiwezi kusema 'akafue mwenyewe.'"

"Imefundishwa adabu au uongo?"

"Wenyewe wanasema inalainisha." Akajikuna kidevu. "Lakini na wewe, mbona unapinga? Hisa za maji zikitoka, tununue asubuhi hiyo hiyo. Nani ataacha kunywa maji? Mimi nimepiga simu kuunga mkono."

"Umepiga simu?"

"Nimepiga. Na wamenisoma vizuri kabisa."

Nilitamani kummwagia beseni. Nikampigia tena yule dada wa mashine. Nikamwambia amenibandika maneno yasiyo yangu, ayafute. Akanishukuru kwa maoni mazuri. Nikapiga mara ya tatu, nikasema mambo ambayo sitayaandika hapa. Akanishukuru.

Jumanne nikafunga duka, nikaenda redio kwa miguu. Meneja alinipokea akiwa amevaa fulana yenye nembo ya kituo, imekunjamana vibaya, nikajua hana dobi.

"Mama, ile mashine haina upande," akasema. "Inanyoosha lugha tu."

"Baba, kunyoosha ni kazi yangu. Shati nikilinyoosha linabaki shati, haligeuki kuwa gauni."

"Orodha imeshapelekwa barazani. Haibadiliki."

"Basi nipeni nakala."

Akasita. Nikavuta kiti, nikaketi katikati ya mlango wake, nikamwambia sina haraka, nguo zangu zinakauka zenyewe. Wafanyakazi wakawa wanapita juu ya miguu yangu na vikombe vyao vya chai, kila mmoja akiomba radhi. Baada ya nusu saa meneja akachapisha karatasi nne akanipa ili niondoke. Maoni mia mbili na tatu. Mia moja tisini na nane yanaunga mkono. Namba arobaini na saba: mfanyabiashara wa sekta ya usafi. Nikashuka chini hadi namba sitini na moja: mwalimu mstaafu, anaupongeza mpango. Mwalimu Mstaafu! Mtu ambaye hajawahi kupongeza hata mvua! Hapo nikajua sikuonewa peke yangu.

Kwenye ngazi nikakutana na mwanamume mwembamba amejifunga skafu shingoni. Akasema, "Pole, mama," na papo hapo nikamtambua. Koo la Asali mwenyewe.

"Wewe unasoma uongo," nikamwambia.

"Nasoma ninachoandikiwa." Alitazama chini. "Walikuwepo watu watatu wa kupokea simu. Wameondolewa. Nikiongeza neno moja langu, nawafuata."

"Kwa hiyo nimekwisha?"

Alitazama nyuma kwanza. Kisha akasema polepole, "Mama, matangazo ya vitu vilivyopotea hayapiti kwenye mashine. Yanalipiwa pale dirishani. Nayasoma kama yalivyoandikwa, nukta kwa nukta."

Nikaenda dirishani. Yule binti wa dirishani aliisoma fomu yangu mara mbili, akaniangalia, akaisoma tena. Nikamuuliza kama kuna sheria inayosema kilichopotea lazima kiwe mbuzi au kitambulisho. Akagonga muhuri.

Sasa niseme habari ya suti. Diwani wetu, mwenyekiti wa kamati ya maji, ndiye wa kuusoma mpango mbele ya baraza, na suti yake nzuri ilikuwa kwangu tangu Jumapili. Shemeji alipoiona imetundikwa akakonyeza.

"Iache pasi kidogo hapo mgongoni. Kidogo tu, shemeji, aingie na nembo ya pasi."

"Nguo haijanikosea kitu," nikasema. Nikalifuta doa la mchuzi kwenye mkono wa kushoto, nikainyoosha mkunjo kwa mkunjo. Sijawahi kupiga pasi kwa hasira namna ile, na sijawahi kutoa suti safi namna ile.

Jumatano, saa moja na nusu, redio. Baada ya matangazo ya ng'ombe mmoja na pochi mbili, Koo la Asali akasafisha koo.

"Yamepotea maoni ya dobi. Mara ya mwisho yalikuwa yakisema 'msiuze maji yetu.' Yalionekana kwenye orodha ya baraza la mji yakisema 'tunaunga mkono.' Dobi anakwenda kuyachukua leo saa nne ukumbi wa baraza. Wengine mliopiga simu Jumatatu, mkague na yenu."

Halafu akaongeza, "Tangazo hili limelipiwa."

Saa tatu na nusu diwani akapiga simu. "Dobi, suti yangu iko wapi? Niko hapa na shati tu!"

"Naileta mwenyewe, mheshimiwa."

Mlangoni askari akaniuliza mwaliko. Nikamwonyesha suti. "Unataka mheshimiwa aingie bila koti?" Akanipisha mbio mbio. Mabenchi ya wananchi, ambayo siku zote hukaa na vumbi tu, yalikuwa yamejaa. Sikumjua hata mtu mmoja. Nikampa diwani koti lake, akalivaa bila kunitazama, nikaketi mbele kabisa. Zile karatasi nne nikazipitisha nyuma, kila mtu akatafuta namba yake.

Akasoma. Kampuni, hisa, maendeleo, maneno matamu yote. Kisha akafika kwenye maoni. "Wananchi mia moja tisini na nane kati ya mia mbili na tatu wanaunga mkono, wakiwemo wafanyabiashara wa sekta ya usafi."

Nikasimama.

Mwenyekiti wa baraza akagonga meza. "Mama, wageni hawaruhusiwi kuchangia."

"Sichangii, mheshimiwa mwenyekiti. Nadai mali yangu." Nikamgeukia diwani. "Namba arobaini na saba ni mimi. Sikusema hayo. Mheshimiwa diwani, hebu tazama ndani ya kola ya koti lako."

"Nini?"

"Tazama tu."

Sijui kwa nini alitii. Labda mazoea, maana kila wiki huangalia uzi wake mbele yangu. Akageuza kola.

"Uzi wa rangi gani?"

"Bluu."

"Wa nani?"

"Wangu," akasema.

"Nimekurudishia chako. Nirudishie changu."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akanyanyua nyundo tena, lakini nyuma yangu ikanguruma sauti. "Namba sitini na moja! Mimi sijapongeza kitu!" Sauti hiyo naijua. Nikageuka nikitafuta mtu mkubwa, nikamwona mzee mfupi, kofia mkononi, ndiye Mwalimu Mstaafu. Hajamaliza, akainuka Bibi wa Ghorofani kwa mkongojo wake. Dereva wa Lori alikuwa mwanamke! Miaka yote ile nilidhani ni mwanamume mwenye mafua. Wakawa wanasimama, kila mtu na namba yake, wengine hawana namba, wanataka tu kujua wameandikwa nini.

Diwani akapaza sauti. "Hawa wamekusanywa na dobi! Mbona hasimami hata mmoja anayeunga mkono?"

"Nipo," mtu akasema.

Shemeji. Sikujua hata kama amekuja. Alisimama na simu yake mkononi, nikasema moyoni leo huyu ananiuza mchana kweupe.

"Mimi naunga mkono," akasema. "Nilipiga simu, na hisa zikitoka nitanunua. Tumebishana naye siku tatu, haelewi kitu kuhusu hisa." Watu wakaguna. "Lakini anapinga. Anapinga tangu Jumatatu, masikio yangu yameota sugu. Nikimshinda shemeji yangu, nataka nimshinde kwa kura, si kwa mashine kumfumba mdomo. Muandikeni alivyosema."

Akaketi. Sikuweza kumtazama, machozi yalikuwa karibu na mimi sipendi kulia mbele ya wateja.

Wakubwa wakanong'onezana kitambo. Mwishowe mwenyekiti akatangaza kwamba kura haitapigwa leo, orodha imewekwa kando, na maoni yatachukuliwa upya papo hapo, mtu kwa mdomo wake, karani aandike kwa mkono. Na iwapo kura itakayokuja tutaishinda, bado sijui. Nikawa wa kwanza kwenye foleni.

Karani alikuwa kijana nadhifu. Akanisikiliza hadi mwisho, akaandika neno moja: Anapinga.

"Futa," nikasema. "Andika nilivyosema."

Akaandika. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma maji, akasoma beseni, akasoma hisa haifui shati. Alipofika sentensi ya mwisho akasita, akamtazama diwani, ambaye alikuwa amesogea karibu na meza, koti limemkaa vizuri mno.

"Na hiyo ya kufua nguo," diwani akauliza kwa sauti ndogo, "nayo lazima iandikwe?"

"Hasa hiyo," nikasema.